Aliweka dawa ili aonekane mweusi zaidi: nywele zetu na wanawake wanaojichora kwenye vibonzo

#1 Binti_Msusi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mtoto wa msusi. Nimekulia kwenye saluni ya chumba kimoja huku Mbagala: draya moja, mabeseni mawili, na benchi ambalo wateja walikaa kusubiri zamu huku wakimaliza mambo ya mtaa mzima. Kabla sijajua kusoma nilishajua kugawa nywele njia nne kwa mkia wa kitana. Mama alikuwa na chanuo la moto lenye mpini wa mti ulioungua nusu, linakaa juu ya jiko la mkaa karibu na mlango. Akilitoa motoni analibana kwanza kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia, analipunga hewani, anasubiri. Likibaki lilivyo, tayari. Halafu linakuja neno ambalo kila mwanamke wa umri wangu analijua: "Shika sikio." Unakunja sikio kwa vidole viwili, unaacha kupumua, unasikia mafuta yanachemka jirani kabisa na shavu lako, na hapo hapo unaambiwa usitikisike.

Basi mwaka huu binamu yangu karudi safari na kitabu kinaitwa Hot Comb. Nilicheka nilipoona jina, maana ni lile lile chanuo la mama. Kimeandikwa na kuchorwa na Ebony Flowers, Mmarekani mweusi wa Maryland, kikatolewa 2019 na Drawn & Quarterly, wachapishaji wa Montréal, Kanada. Ni vibonzo, ila msitegemee vile vya kuvunja mbavu kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti. Ni hadithi fupi fupi za wanawake na vichwa vyao, nyingine za maisha yake mwenyewe, nyingine za kubuni. Katikati ya hadithi amechomeka matangazo ya dawa za nywele aliyoyatunga mwenyewe akiiga yale ya magazeti ya zamani, yanayokuahidi kwamba nywele zikibadilika na maisha yatanyooka. Unacheka, halafu unajikuta umeshika kichwa chako. Hadithi iliyobeba jina la kitabu ilipata Tuzo ya Eisner ya hadithi fupi bora mwaka 2020. Eisner kwa watu wa vibonzo ndiyo Oscar yao.

Hiyo hadithi ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Msichana na familia yake wamehamia mtaa wa watu weusi watupu. Watoto wa pale wanamwona kama mzungu mzungu hivi, si mwenzao. Yeye anaona kitakachomwokoa ni dawa ya kunyoosha nywele. Apelekwe saluni, awekwe dawa kama mabinti wengine, akubalike. Anapelekwa. Anaungua. Na mpango wenyewe haumfikishi popote.

Sasa rudini nyuma kidogo. Miaka yote tumeambiwa mwanamke mweusi anaweka dawa kwa sababu anataka kufanana na mzungu. Huyu mtoto anaweka dawa ili AACHE kuonekana mzungu. Kwenye mtaa ule dawa ndiyo alama ya kuwa binti mweusi aliyekamilika: mama zao wameweka, dada zao wameweka, saluni ndipo mahali pa kukaa pamoja, kuumia pamoja na kusengenya pamoja. Asiyeungua hajawa mwenzao.

Nilisoma mara ya kwanza nikapita. Mara ya pili nikasimama, kwa sababu nilijikumbuka. Sisi shuleni tulinyolewa wote, vipara vinang'aa mstarini kama mayai kwenye trei. Kwa hiyo kwetu dawa haikuwa na uhusiano na Ulaya hata chembe. Ilimaanisha umemaliza shule. Niliweka wiki mbili baada ya mtihani wa kidato cha nne, na wala sikumfikiria mzungu yeyote. Nilimfikiria dada wa nyumba ya tatu aliyekuwa anafanya kazi benki.

Dawa ile ile, kopo lile lile, na maana inabadilika kila unapovuka barabara. Hilo sijaliona likisemwa vizuri kwenye makala wala kwenye mihadhara. Nimeliona kwenye vibonzo, na nina wazo kwa nini. Ukiandika maneno matupu unaweza kusema "nywele zake" ukapita. Ukijichora, hupiti. Kila kisanduku kichwa kinarudi, na kila kinaporudi inabidi uamue upya: zimesimama au zimelala? Nani kazishika? Nani kwenye chumba anaziangalia?

Nilijaribu kujichora mwenyewe usiku mmoja. Nikachora duara la uso, macho, pua nikaipatia kabisa. Nilipofika kwenye nywele nikachora mviringo nikajaza wino. Doa. Kama nimevaa sufuria yenye masizi. Mimi, mtoto wa msusi! Sikujua nywele zangu zinaanzaje kwenye karatasi.

Karibuni. Waliosoma hiki au vya aina hii waje, na ambao hawajasoma ila wana vichwa, waje pia.

#2 Kambi_Popote

Nimeweka kambi. Picha za kurasa ziko wapi?

#3 Binti_Msusi

Sipandishi kurasa mkuu, ni kazi ya mtu na anakula humo humo.

#4 Mzee_wa_Kijiwe

Binti, umeandika vizuri lakini unazunguka mbuyu. Dawa ni utumwa wa akili, nukta. Hata kama mtoto hamfikirii mzungu, aliyemfundisha kuwa nywele zilizolala ndizo nzuri alimfikiria. Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alilimaliza hili kwenye tawasifu yake iliyotoka 1965. Alisimulia alivyolainishwa nywele kwa mara ya kwanza kule Boston, rafiki yake Shorty akampaka mchanganyiko wa kostiki, viazi na mayai, kichwa kikawaka moto hadi magoti yakalegea. Halafu akajitazama kwenye kioo akafurahi. Baadaye mwenyewe akasema ile ndiyo ilikuwa hatua yake kubwa ya kwanza ya kujidhalilisha. Sasa huyo dada wa vibonzo anaongeza nini?

#5 Binti_Msusi

Mzee wangu shikamoo, na asante kwa kumleta Malcolm, maana anafaa hasa.

Angalia anayesimulia ni nani. Ni mtu mzima aliyekwisha kuongoka, anamtazama kijana mjinga wa zamani. Hukumu imeshatoka kabla kostiki haijaiva. Ile sura ya kitabu chake ni khutuba, tena khutuba nzuri sana. Lakini yule kijana aliyefurahi kwenye kioo amebaki na sentensi moja au mbili tu, halafu mhubiri akaichukua maiki.

Kwenye kibonzo mhubiri hana pa kusimama. Mtoto yuko kwenye kiti. Uso wake uko pale, umekunjamana. Flowers mtu mzima yumo kwenye mkono unaochora, ila hamkatizi mtoto kumwambia "umepotea". Anakuacha umwone anavyotaka, anavyoungua, anavyotoka nje akiwa na matumaini yake. Ukitaka kumhukumu utamhukumu mwenyewe, na utamhukumu akiwa anakutazama.

Na kuna hadithi nyingine humo, Virgin Hair, itakusumbua zaidi. Kwanza ni masimango ya saluni: ukilia, unaambiwa una kichwa kisichovumilia, na hilo neno linauma kuliko dawa. (Mama alikuwa na la kwake: "Hiki kichwa au jipu?") Halafu anakua, anachoka na matunzo, ananyoa zote. Kwa hesabu yako hapo ndipo angepaswa kuwa huru, si ndiyo? Anaanza kurushiwa matusi mapya kwa sababu ya kipara.

#6 Mzee_wa_Kijiwe

Marahaba. Sijakubali lakini endelea.

#7 Kalamu_ya_Mkaa

Nachora kwa ajili ya kula, kwa hiyo nitajibu hilo suala la doa, maana limenichoma.

Dada, doa lako lina historia. Sisi tuliojifunza kwa kunakili vitabu vya nje tulifundishwa nywele kama kitu cha kung'aa: unachora ukingo, unavuta mistari mirefu inayofuatana, unaacha utepe mweupe pale mwanga unapoteleza. Nywele zetu mwanga hautelezi. Unavunjika vunjika kila kona ya kila kipilipili. Kwa hiyo mchoraji mvivu anajaza wino anahamia kwenye nguo. Na magazeti ya bei rahisi yalichangia: karatasi ile inanyonya, ukichora mistari midogo iliyobanana, ikitoka mitamboni imeshikana yote. Mhariri anakwambia fanya jeusi tupu.

Halafu tuseme ukweli wa kwetu. Chakubanga wa Christian Gregory, Juha Kalulu wa Edward Gitau, Kingo wa James Gayo. Nimewapenda wote, nimejifunza kwao wote. Wahusika wanaume, wachoraji wanaume. Mwanamke akija kwenye kazi zetu mara nyingi anakuja kama mke mkali au kama umbo linalopita barabarani wanaume wakigeuza shingo. Mimi mwenyewe nimechora hivyo miaka, sijioshi hapa. Nani angejisumbua kuchora kichwa cha mwanamke kinavyosukwa kwa saa sita?

Wamarekani weusi nao walianza kwa kupambana na hilo. Tafuteni habari za Jackie Ormes. Mwaka 1937 alianza kuchora Torchy Brown kwenye Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi. Halafu kuanzia 1945 hadi 1956 alichora Patty-Jo 'n' Ginger, kibonzo cha kisanduku kimoja: mtoto mdogo mwenye mdomo na dada yake mrembo asiyesema kitu. Mwaka 1947 kampuni ya Terri Lee ikamtoa Patty-Jo kama mwanasesere, ana nguo za maana, na nywele zake mtoto anaweza kuzichana na kuzitengeneza mitindo. Fikirieni wakati ambao wanasesere weusi wengi madukani walikuwa wa dhihaka. Mchoraji wa kike alijua mtoto wa kike anataka kushika nini. Ni kweli warembo wa Ormes walikuwa na nywele zilizolazwa kwa mtindo wa enzi zile. Alikuwa anawachora maridadi kwa makusudi, kujibu zile picha za vijakazi wenye vitambaa kichwani.

Ila aliyenifungua macho ni Barbara Brandon-Croft. Kibonzo chake Where I'm Coming From kilianza 1989 kwenye Detroit Free Press, na 1991 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kusambazwa na wakala kwenye magazeti makubwa ya nchi nzima. Kikaenda hadi 2005. Mashosti wanaongea, wanaongea, wanaongea. Na kawachora vichwa na mikono tu! Hakuna mwili, hakuna nyumba, hakuna gari. Alichoka kuona mwanamke anahesabiwa kwa viungo vya chini ya shingo. Sasa ukiondoa mwili wote, unamtofautishaje huyu na yule? Kwa nywele. Kila mmoja ana kichwa chake, na ukizoea unamjua mtu kabla hujasoma alichosema. Nilivyoliona hilo nikarudi kwenye michoro yangu nikaona aibu. Wanawake wangu wote walikuwa na wigi moja.

#8 Binti_Msusi

Kalamu, kaka yangu, hapo kwenye mwanga kuvunjika umenipa kitu. Kumbe siku zote nilikuwa nachora kivuli, nikasahau kuchora nywele.

Flowers yeye hajazi. Mistari yake imelegea, inajikunja, inakwenda inarudi kama mtu anayesuka akifumua. Na hakusomea shule ya katuni. Alisomea anthropolojia ya kibayolojia, kisha akachukua udaktari wa falsafa wa masuala ya elimu Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, na sehemu kubwa ya tasnifu yake aliiandika kwa vibonzo. Kule ndiko alikokutana na Lynda Barry, mwalimu anayeamini kila mtu anaweza kuchora akiacha kuogopa mkono wake.

#9 Mama_Furaha_Ohio

Jamboni wote. Mniwie radhi, Kiswahili changu ni cha Bukavu, kimechanganyika na Kifaransa na sasa na baridi ya Ohio.

Kitabu hicho binti yangu alikichukua maktaba ya hapa, akaniachia mezani kimefunguliwa kwenye hadithi moja, hakusema kitu. My Lil Sister Lena. Lena anacheza sofboli, mweusi peke yake kwenye timu ya wazungu. Nywele zake zinakuwa kitu cha timu: wanazishika, wanaulizana, wanazijadili kama vile yeye hayupo. Mwisho mtoto anaanza kujing'oa nywele mwenyewe. Ni ugonjwa wa wasiwasi, una jina hospitalini. Nilikaa pale jikoni na kitabu, chai ikapoa.

Binti yangu alikuwa kwenye timu ya voliboli ya shule, hali ile ile. Aliniambia mara moja kwamba wanamshika kichwa, nikamjibu, "Wanakupenda, wanashangaa tu." Ndivyo nilivyomjibu. Mimi nilikuwa na mambo ya kodi ya nyumba.

Na hapo hatujafika kwa wasichana weusi wa hapa. Wao walimuuliza kwa nini hajalaza vile vinywele vya pembeni ya uso, hapa wanavipaka jeli wanavichora kwa mswaki kama mawimbi madogo. Hajui, kwetu hakuna. Na Jumapili kanisani kwa Wakongo wenzetu, mama mmoja ananivuta pembeni: "Mbona mtoto umemwacha kichwa hivyo, huna pesa ya defriza, dawa ya kunyoosha?" Watazamaji watatu, kichwa kimoja. Dada Binti_Msusi umesema maana inabadilika ukivuka barabara. Mtoto wangu alikuwa anavuka hiyo barabara mara tatu kwa wiki.

Sasa anajisuka mwenyewe twisti, kila Jumamosi, mlango umefungwa. Siku hizi nikibisha ananifungulia, nakaa nyuma yake namshikia kioo.

#10 Kambi_Popote

Mama Furaha umeniliza saa hizi niko kwenye daladala watu wananiangalia.

#11 Dogo_Nachuro

Mimi niko timu nywele asili tangu chuo na naona uzi unawatetea sana wenye makopo. Kuna kazi nyingine nzuri zaidi kwa hili, inaitwa Wash Day, ya Jamila Rowser aliyeandika na Robyn Smith aliyechora. Ilianza 2018 kama kijitabu, baadaye 2022 ikakua kitabu kizima, Wash Day Diaries, mashosti wanne wa Bronx, New York: Kim, Tanisha, Davene na Cookie. Kile kijitabu cha kwanza ni dada tu anaosha nywele zake. Basi! Anatenga, anaosha, anapaka, anasukwa. Hakuna mzungu wa kumshika kichwa, hakuna machozi. Kwa nini kila hadithi yetu lazima iwe ya kidonda?

#12 Binti_Msusi

Dogo, swali zuri na nimekupigia makofi. Wash Day si tawasifu, wahusika ni wa kubuni, ila imeandikwa na watu wanaoijua siku ya kuosha kwa vidole vyao. Na hilo la kutokuwa na tukio ndilo tukio. Ukurasa mzima mtu anaosha kichwa chake na hakuna anayemuuliza maswali.

Ila nikuulize na mimi: umeona mikono? Kwa Rowser na Smith, kwa Flowers, hata kwa Brandon-Croft mwenye vichwa na mikono mitupu. Sijatetea makopo. Ninachokiona ni kwamba hawa wanawake wakijichora au wakichora wenzao, wanachora pia aliyewashika kichwa. Nikikumbuka utotoni sikumbuki nywele zangu zilikuwaje. Nakumbuka magoti ya mama yamenibana mabega, na harufu ya mafuta ya nazi kwenye khanga yake.

#13 NesiMpole

Naingia na koti langu jeupe, mnivumilie. Dawa nyingi za zamani zilitengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu, hiyo hiyo kostiki ya kutengenezea sabuni. Kuungua kichwani si kwamba una kichwa kisichovumilia. Ni ngozi inaungua kweli.

Na Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 wa miaka 35 hadi 74 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Saratani ya mji wa mimba ilipatikana kwa 378. Kwa wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha, uwezekano wa kuipata kabla ya kufika miaka 70 ulikadiriwa 1.64%. Kwa wanaotumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara 4 kwa mwaka, 4.05%. Ni uhusiano uliopatikana, haijasemwa kwamba dawa ndiyo imesababisha, na bado ni saratani isiyotokea kwa wengi. Ila mtu anayeritachi, yaani kurudia dawa, kila wiki sita na ajue.

Sisemi mfunge saluni.

#14 Binti_Msusi

Asante nesi. Mama alipaka dawa bila glovu miaka na miaka. Ncha za vidole vyake ni laini, simu ya kufungua kwa alama ya kidole inamkataa. Tunacheka nalo nyumbani. Leo sijacheka.

#15 Wakili_Mtaani

Salamu kutoka Nairobi. Niongeze la mahakama, kwa kuwa mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa vichwa vyetu. Julai 3 mwaka huo Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria ya CROWN, jimbo la kwanza Marekani kukataza mtu kubaguliwa kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili, dredi au misuko. Majimbo mengine yakafuata. Mwaka 2022 Baraza la Wawakilishi likapitisha ya nchi nzima, ikakwama Seneti.

Septemba mwaka huo huo wa 2019, hapa Nairobi, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya msichana wa familia ya Kirastafari aliyefukuzwa shuleni Januari kwa sababu ya dredi. Msichana akashinda. Tulishangilia sana. Lakini someni msingi wa uamuzi: dini na haki ya elimu. Alishinda kwa sababu dredi zake ni ibada. Jirani yake darasani ambaye anapenda tu kufuga nywele zilivyoota, bila dini yoyote kichwani, hakupata kitu siku ile.

Nawaza hao wanaojichora wanafanya kazi ambayo wakili hawezi. Mahakamani lazima nywele ziwe ushahidi wa kitu kingine: dini, rangi, kabila. Haziruhusiwi kuwa nywele tu.

#16 Kalamu_ya_Mkaa

Wakili, hayo ya mwisho nayaandika ukutani kwangu.

#17 Mzee_wa_Kijiwe

Nimerudi. Jana usiku nilimuuliza mke wangu, miaka 22 ya ndoa, kwa nini anaweka dawa. Nilitegemea tutaongea habari za ukoloni. Kaniambia, "Natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, wewe umelala. Nichane kipilipili saa ngapi?" Halafu akaniuliza kwa nini mimi napaka piko kwenye ndevu.

Msimamo wangu kuhusu utumwa wa akili upo pale pale. Nimeuweka chini kidogo nipumzike.

#18 Dogo_Nachuro

😂😂😂 Mzee piko tena!

#19 Mama_Furaha_Ohio

Mzee wa Kijiwe, msaidie mama kufumua siku moja. Chukua kitana cha meno mapana, anza kwenye ncha, usianzie kwenye ngozi.

#20 Binti_Msusi

Wakuu, mrejesho, halafu niende kulala.

Leo nilikipeleka kitabu saluni. Mama Kiingereza hakisomi, kwa hiyo alikisoma kama anavyosoma kichwa cha mteja: kwa macho na kidole. Akapita kurasa za mwanzo kimya. Alipofika pale mtoto amekaa kwenye kiti na dawa kichwani, akasimamisha kidole usoni mwake.

"Huyu alijikuna jana yake," akasema.

Nikamwambia mama, hiki ni kitabu. Akasema kitabu gani, mtazame uso, anayeungua hivyo alijikuna, kila siku nawaambia msijikune kabla ya dawa hamsikii. Mteja aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa, "Hebu nione." Kikaenda kwenye benchi. Nilikipata baada ya saa mbili kina alama ya mafuta kwenye jalada, na wateja wawili wanabishana kama yule mtoto alifanya vizuri kumsumbua mama yake. Mmoja kati yao akauliza zile dawa za kwenye matangazo zinapatikana Kariakoo duka gani.

Halafu nikamwonyesha mama mchoro wangu mpya. Kalamu, nimeachana na doa kama ulivyosema. Nimejichora na twende kilioni, mistari minane, nimevuta kila mmoja taratibu kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na katikati ya mistari nimeacha ngozi ionekane. Nilijisikia fundi.

Akaushika kwa mbali kidogo, miwani yake iko nyumbani siku zote. Akaugeuza. Akauliza nani kanisuka hivyo. Nikasema nimejichora mwenyewe. Akachukua kalamu ya daftari la madeni, akaweka nukta nyuma ya sikio.

"Mstari wa nne unakwenda wapi? Umeuacha njiani. Kaa hapa chini nikuonyeshe."

Nikakaa chini, magoti yake yakanibana mabega, akaanza kugawa.